Tembo Lisilo na Nyuki

Kifumbu cha Sitara kilikuwa safi mno, na usafi huo ulimkera Sajini Anaeli kuliko uchafu wowote aliokutana nao tangu ahamishiwe upelelezi.

Kilikuwa juu ya meza yake kituoni, kimefungwa katika karatasi ya kaki na kubandikwa namba. Kilikuwa kifumbu cha ukindu, vile wanavyokamulia tui, ila mwenyewe alikitumia kuchujia tembo la mnazi kabla ya kuwauzia wateja nyuma ya nyumba yake, Mtaa wa Swahili. Alhamisi asubuhi na mapema hamali mmoja wa soko la Kariakoo, Nassibu, alikunywa pale kibuyu kizima peke yake, tumbo tupu. Haikupita saa moja akaanguka katikati ya magunia ya mchele. Mwili ulimkakamaa, akapiga miguu kama mtoto mwenye degedege, na wenzake walipopata mkokoteni wa kumbeba alikuwa ameshakata roho. Wengine walisema jini. Daktari aliandika sumu, ila ni sumu gani hakujua, na majibu ya kipimo yangechukua wiki tatu.

Bwana Inspekta hakuwa na wiki tatu. Alikuwa na mwanamke mahabusu, na Jumatatu mwanamke huyo angesomewa shtaka la kuua kwa kukusudia. Novemba ile ya mwaka 1957, shtaka hilo lilikuwa na adhabu moja tu, kitanzi. Leo ilikuwa Jumamosi.

Ushahidi ulikuwa wa kutosha kumnyonga mtu mwenye bahati mbaya. Wiki tano kabla, Sitara na Nassibu walitupiana maneno mbele ya wateja mpaka mwanamke akamtupia kigoda. Halafu kulikuwa na jambo la kuonja. Wauza tembo wote wa mji huu humimina, wakaonja funda moja mbele ya mnunuzi, ndipo wakampa. Ni desturi ya kumwondoa mtu shaka, na asiyeifuata hapati mteja. Alhamisi hiyo, mashahidi wanne walisema, Sitara hakuonja.

Lakini kifumbu kile kisafi kilimsumbua, ndiyo maana Ijumaa Sajini alikwenda Buguruni kwa wauza tembo watatu, akaomba kuangalia vifumbu vyao. Vilijaa nyuki waliolewa wakazama, nzi, mbawakawa, na wale chungu wekundu wa mitini ambao watu wa pwani huwaita majimoto kwa jinsi wanavyouma. Mzee mmoja alimcheka. Alimwambia yeye amechuja tembo miaka ishirini na hajaona kibuyu kilichoteremka mnazini bila nyuki, na kwamba mtu wa milimani kama Sajini afadhali aulize habari za ndizi.

Na kifumbu cha Sitara, kilichochukuliwa kikiwa bado kimelowa, hakikuwa hata na mguu wa nzi.

Alimtoa mahabusu akamuuliza. Sitara alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye kanga iliyofuliwa vizuri hata baada ya siku mbili za sakafu ya saruji. Mikono yake ilitetemeka mapajani na hakuweza kuituliza. Sajini alipoiona mara ya kwanza aliandika neno "hofu" kwenye daftari lake. Sasa alimuuliza kuhusu kuonja.

"Nilikuwa nimeacha kuonja siku tatu," Sitara alisema. "Kila nikionja kichwa kinapasuka, na mikono inakuwa hivi. Nilidhani nimefanyiwa jambo."

"Na nani?"

"Ningejua ningekuwa hapa, Bwana Sajini?"

Tembo, alieleza, lilitoka kwa mdogo wake Fikirini, mgema anayegema minazi ya Mzee Mgeni kule juu ya bonde la Jangwani. Fikirini alikuwa mtu wa swala tano. Aligema, akaleta, akaenda zake. Yeye mwenyewe tembo halijawahi kumgusa ulimi. Sajini alimrudisha ndani, akachukua kofia yake.

Njiani alijua anaelekea kwa mtu mwenye sifa mbaya. Mtaa mzima ulikuwa umemweleza habari za Mzee Mgeni: kwamba alfajiri huzunguka shambani akiongea peke yake, akifunga minazi kwa kamba, mmoja hadi mwingine, na kwamba mwezi uliopita Nassibu alikata kamba moja akafungia mzigo. Sasa Nassibu yuko kaburini. Sajini alikuwa Mlutheri na askari, kwa hiyo hakuamini uchawi wakati wa kazi. Lakini mtu anayeaminiwa kuwa mchawi anaweza pia kuwa na chupa ya sumu.

Shamba lilikuwa na minazi kama arobaini, pale ambapo mtaa unaisha na ardhi inaanza kuteremka kuelekea bondeni. Alipopita mnazi wa tatu alisimama. Alihisi kuna kitu kimekosekana, na ilimchukua muda kujua ni nini. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua linachoma baada ya mvua za vuli, na hapakuwa na sauti ya mdudu hata mmoja. Nyenje hawakulia. Papai lililopasuka chini ya mti lilikuwa limeoza wazi, tamu, bila nzi. Karibu nalo mjusi alikuwa amelala chali, mkavu, vidole vimekunjwa. Kelele za Kariakoo zilisikika kwa mbali, wachukuzi wakiomba njia, lakini humu ndani zilifika kama zinatoka nyuma ya ukuta.

Kamba za makumbi ya nazi zilipita juu ya kichwa chake, mnazi hadi mnazi. Huko juu kabisa yalining'inia mafundo ya majani yaliyoshonwa pamoja, makavu. Upepo mdogo ulipita. Kitu kikaanza kumdondokea mabegani na kwenye kofia, chepesi, kisichokoma. Alikung'uta mkono akaangalia. Walikuwa majimoto, mamia yao, wakavu kama maganda ya mtama.

Kisha kitu kizito kikaanguka nyuma yake, pu, na Sajini Anaeli, ambaye alikuwa amewahi kukabili mapanga mawili kwa rungu moja, aliruka.

"Ni kidaka tu," sauti ilisema. "Vinaanguka hivyo mchana kutwa."

Mzee Mgeni alikuwa amesimama kati ya minazi miwili, mfupi, kanzu imefifia, kamba begani. Sajini alimpa shikamoo yake, akaitikiwa marahaba, na mzee akaokota kile kidaka, kinazi kichanga kisichozidi ngumi, akamwonyesha alama nyeusi ubavuni ambapo kilichomwa.

"Kuna mdudu mwembamba anakuja kunyonya hapa. Akishanyonya, kidaka hakikui, kinaanguka. Majimoto wanamla. Ndiyo maana nawafungia kamba, wavuke mnazi hadi mnazi bila kushuka chini. Baba yangu alifanya hivi, na babu yake. Wale walikuwa askari wangu."

"Na ukiongea peke yako alfajiri?"

"Nahesabu viota vyao, bwana mdogo. Wewe huhesabu kimoyomoyo?"

Sajini alimuuliza kuhusu Nassibu na kamba iliyokatwa. Mzee alikiri alikasirika. Alifunga nyingine siku ileile. Alhamisi hakuwepo mjini. Alikuwa Bagamoyo kumzika dada yake, na tiketi ya basi ilikuwa bado mfukoni mwa kanzu, imekunjwa mara nne. Sajini aliisoma tarehe akairudisha, na ile hadithi nzuri ya mtaa ikaishia hapo. Aliuliza majimoto walianza kufa lini.

"Mwezi sasa. Kwanza nyuki walipotea. Kulikuwa na kundi pale kwenye mnazi uliooza kichwa, miaka mingi wapo pale. Siku moja nikawakuta wote chini, wanazunguka kwa migongo. Halafu hawa. Nilidhani ni hasidi. Lakini hasidi angeua minazi, sivyo? Nani anaroga chungu?"

Swali lilikuwa zuri. Sajini alivua viatu.

Mzee alimtazama mtu wa Kilimanjaro akikwea mnazi kwa vidato vilivyochongwa shinani, na kwa heshima hakucheka mpaka alipofika nusu. Juu, kati ya makuti, Sajini alishikilia kwa mkono mmoja na kuangalia bila haraka. Karara linalobeba maua ya mnazi lilikuwa limekatwa ncha, limefungwa, na kibuyu kimetundikwa chini yake kikipokea tone moja moja. Kulizunguka shina la karara, juu kidogo ya mdomo wa kibuyu, mtu alikuwa amepaka kitu cheupe. Kilikauka kama chokaa, na mvua ilikuwa imekichirizisha. Michirizi iliteremka moja kwa moja hadi kibuyuni.

Akanusa. Harufu ilimrudisha kwa baba yake, kwenye kahawa.

Ilikuwa kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na kitu kitamu. Baba yake aliinunua miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya kunguni wa kahawa. Ilikuja nyeusi na nzito, ukiichanganya na maji, hata ya mvua, inakuwa nyeupe kama maziwa. Mwaka wa kwanza kila mtu alimshukuru Mungu. Mwaka wa pili majani yakajaa viwavi kuliko mtu yeyote alivyokumbuka, na mzee yule, ambaye hakusoma zaidi ya katekisimu, alisema dawa imewaua na wale waliokuwa wakiwala viwavi. Nyeupe kama maziwa. Sajini alichungulia kibuyuni, ambamo tembo nalo lilikuwa jeupe kama maziwa, na akashuka polepole kuliko alivyopanda.

Alimwambia Mzee Mgeni amtafute mkwezi mwingine, ateremshe vibuyu vyote, amwage shimoni na kufukia, asionje mtu. Kimoja alikichukua yeye, akakifunga mdomo kwa kitambaa na lakiri, nta ya muhuri wa polisi.

Palikuwa na duka moja tu Kariakoo ambalo lingeweza kuwa na dawa ile, na mwenye duka alikuwa Kasmir, mtu wa Kibosho, ambaye kila Krismasi alirudi nyumbani na lori la chumvi na kushuka na lori la maharage. Alimsalimu Sajini kwa Kichaga na kumvutia kigoda. Sajini hakukaa, akajibu kwa Kiswahili.

"Dawa ya kahawa bado unayo?"

"Dar es Salaam kuna kahawa gani ya kupiga dawa?"

"Ndilo ninalokuuliza."

Kasmir aliangalia mlangoni, kisha akaangalia chini ya meza yake, na kwa macho hayo tu debe likawa limepatikana. Alieleza bila kusukumwa sana. Aliuza kwa chupa ya soda. Watu walinunua kwa ajili ya kunguni na mende, wakafurahi. Mgema mmoja alikuja mwezi uliopita akasema majimoto wanammaliza, anashuka kila siku na shingo imevimba. Alichukua chupa moja. Jumatano jioni alikuja kuchukua ya nne.

"Ulimwambia ni sumu?"

"Nilimwambia aweke maji, chupa moja kwa debe mbili. Alisema ikiwa na maji mvua inaiosha. Anapaka hivyo hivyo."

"Nimekuuliza kama ulimwambia ni sumu."

"Ndugu yangu, nani asiyejua kuwa dawa ya wadudu inaua?"

"Inaua wadudu," Sajini alisema. "Hilo ndilo alilojua."

Alichukua debe na maelezo yaliyosainiwa. Jumatano jioni mgema alinunua. Jumatano usiku, daftari la zamu lilionyesha, mvua kubwa ilinyesha. Alhamisi asubuhi Nassibu alikunywa. Mambo yalifuatana vizuri sana, na yote yangeweza kupingwa na wakili yeyote aliyelala vizuri. Michirizi juu ya mnazi si tembo ndani ya tumbo. Alihitaji kitu ambacho Bwana Inspekta angekiona kwa macho yake kabla ya Jumatatu.

Fikirini alipatikana sokoni, ameketi karibu na banda la sukari guru, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni. Hakuwa akijificha. Tangu dada yake akamatwe alikuwa akizunguka sokoni kutafuta mtu aliyemchukia Nassibu, na alipomwona Sajini alisimama akaanza kumtajia majina. Sajini alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamuuliza ni nyuki wangapi huwakuta kibuyuni.

"Zamani kiganja kizima. Mwezi huu hakuna hata mmoja," Fikirini alisema. "Nilishukuru. Wateja walikuwa wanalalamika kuna wadudu. Nikapaka dawa, majimoto wakaniacha, na tembo likawa safi."

Aliyasema hayo mbele ya askari bila kuficha, na Sajini alimwonea huruma. Mtu mwenye hatia angeuliza kwa nini anaulizwa.

Bwana Inspekta aliitwa, akaja sokoni akitokwa na jasho na mwenye hasira. Sajini aliazima visahani viwili kwa mama wa sukari guru. Katika kimoja alimimina tembo aliloagiza askari akalinunue Buguruni asubuhi ileile; katika kingine tembo la kibuyu chenye lakiri, mbele ya Inspekta, ambaye aliivunja lakiri mwenyewe. Akaviweka juu ya meza ambako nyuki wa sokoni hujaa tangu asubuhi kwenye vipande vya sukari. Nyuki waligawana visahani hivyo bila ubaguzi, wakanywa.

Wakasubiri. Muadhini aliadhini adhuhuri, watu wengine wakaondoka, wengine wakaja kuangalia polisi wanaolinda nyuki. Wale wa kisahani cha Buguruni waliyumba kidogo kama walevi wa kawaida, wakaruka, wakarudi. Wa kisahani cha pili waliacha kunywa. Mmoja alianza kutembea akizunguka palepale. Mwingine alianguka kwa mgongo, akazunguka mezani kwa mbawa, zii, zii, kama kitu kilichofungwa uzi. Kisha wote wakawa hivyo. Sauti ile ilikuwa ndogo lakini kundi lote la watu lilinyamaza kuisikiliza. Ilipokoma, meza ilikuwa imetapakaa.

Mama wa sukari guru alivuta mtandio kinywani. Hata nyuki waliokuwa kwenye sukari yake walikuwa wameondoka, na alasiri yote hakuja mwingine.

Fikirini alikuwa akiangalia miguu ya nyuki mmoja iliyokuwa bado inatikisika.

"Dada yangu alikuwa anaonja kila siku," alisema.

"Ndiyo."

"Mikono yake."

"Ndiyo, Fikirini."

Alichomoa kotama kiunoni akaigeuza, akampa Sajini upande wa mpini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akauliza kama wanakwenda kituoni kwa miguu.

Saa tisa Bwana Inspekta alikuwa ameshaamua. Hapakuwa na kuua kwa kukusudia. Mwanamke aachiwe leo, kabla ya jua kuzama, aende hospitali akatazamwe. Mgema ashikiliwe kwa kusababisha kifo kwa uzembe, kosa ambalo adhabu yake ni kifungo, na mwenye duka aitwe. Alisaini karatasi ya kumwachia Sitara, akaenda kuoga.

Sajini alikaa peke yake na ile karatasi kwa muda. Alikuwa amefurahi, na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Ilikuwa kazi safi. Akaagiza Sitara aletwe, akamwambia yote kwa utaratibu: mvua, dawa, kibuyu, nyuki. Akamwambia kwamba daktari ataitazama mikono yake, na huenda ikatulia. Akamwambia aliyepaka ni nani.

Sitara alisikiliza bila kukatiza. Sajini alipomaliza, Sitara aliuliza ni sababu gani aliyoitoa Fikirini ya kupaka dawa.

"Majimoto walimuuma. Na wateja walilalamika wadudu."

"Wateja hawamjui Fikirini. Hajawahi kuongea nao."

Sajini aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Nassibu alikuta nyuki kwenye kikombe chake akanitukana mbele ya watu," Sitara alisema. "Nilimtupia kigoda, mashahidi wako wamekwambia. Lakini hakuwa wa kwanza. Mwezi mmoja kabla yake walianza wengine. Nilikwenda kwa Fikirini nikamwambia, ukiniletea tena tembo lenye mdudu, mimi si dada yako. Akaniuliza atafanyaje. Nikamwambia wapo watu wana dawa, nenda kwa Kasmir. Chupa ya kwanza nilimpa hela mimi."

"Hukujua."

"Na yeye hakujua. Sasa mbona yuko ndani na mimi niko mlangoni?"

Nje, askari wa zamu alikuwa akicheka na mtu. Sajini aliisogeza ile karatasi iliyosainiwa ili aione vizuri, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka dole gumba. Alimweleza, kama mtu anavyomweleza mama yake, kwamba maneno aliyoyasema hayajaandikwa popote, na kwamba yakiandikwa hatotoka leo, na pengine kwa muda mrefu.

Sitara aliiangalia karatasi, hakuigusa.

"Mama yetu alikufa Fikirini akiwa ananyonya," alisema. "Hajafanya jambo maishani mwake ambalo sikumtuma. Andika."

Askari wa nje alimaliza kucheka, akafunga mlango. Sajini Anaeli akavuta karatasi tupu. Sitara alisubiri mpaka kalamu ikachovywa winoni, ndipo akaanza tangu mwanzo, polepole, ili asiache hata neno moja nyuma.